Sanduku la Nyanya

Waliiba pishi nane za karafuu jamvini
usiku mmoja, mimi nimelala chali
na redio inakoroma kunishinda.
Asubuhi Shaame msasi akaja kutoka Makangale,
mfukoni mwa koti lake kitu kinapumua.
"Mwalimu, huyu mamaake haogopi ngiri."

Raya alikiona, akashika nguzo ya ukumbi.
"Kikitia mguu humu ndani, mimi natoa wangu."
Nikasema dini imeruhusu: wa mawindo, wa mifugo, wa shamba.
"Basi kikae shamba."
Shamba letu linaanzia kwenye ndoo ya kuoshea miguu.

Nikatafuta sanduku la nyanya,
LUSHOTO imeandikwa ubavuni kwa rangi ya buluu.
Nikang'oa mbao mbili upate mlango,
nikatandika gunia, nikaliweka chini ya upenu wa jiko:
si juani, si mvuani, si ukumbini.
Mwili mwembamba, kichwa chekundu:
nikamwita Kiberiti.

Usiku wa kwanza alilia kama bawaba.
Usiku wa pili kama bawaba mbili.
"Kinamwita babaake," Raya akasema ukutani.
Nikatoka na kigoda, nikakaa kando ya sanduku,
nikapitisha kidole kati ya mbao,
akakinyonya mpaka akasahau kilio.
Kisha maji mara saba, moja kwa udongo,
mtungi mzima kwa ajili ya kidole.

Shaame alinionya: usimpige,
wala usimsukumize pua kwenye mkojo wake,
atajifunza kukuficha tu.
Akiamka, mtoe. Akila, mtoe.
Akizunguka ananusa kama aliyeangusha sindano,
mtoe mbio.
Chini ya mgomba, neno moja: "Hapo."
Ngoja.
Akimaliza, msifu kama kahitimu.

Mimi niliyesomesha sarufi miaka thelathini na moja
kwa bakora, Mungu anisamehe,
nimesimama gizani saa tisa za usiku
namwambia mbwa, "Ahsante, bwana."

Ijumaa ya pili, kanzu imepigwa pasi,
nimegeuka tu kutafuta kofia,
kizingiti kimelowa, na pindo langu limeshapita juu yake.
Yeye kakaa pembeni, mkia unapiga chini,
anangoja sifa zake.
Raya hakusema neno. Alileta udongo kwenye kata,
akakiosha kizingiti mara saba,
na kila mara akinitazama mimi, si mbwa.
Adhana ya pili ilinikuta nafua.
Kibofu hakina saa. Saa ninayo mimi.

Siku hazikwenda sawa.
Alijua, akasahau, akajua nusu,
akala ndara ya mgeni, mguu wa kushoto.
Halafu mchana mmoja nikamwona
anaingia sandukuni, hakuna aliyemwita,
kazunguka mara tatu, pua chini ya mkia,
kama mtu aliyerudi safari
akakuta kufuli bado linamjua.

Ikaja masika, ule usiku wa mvua ya mawe juu ya bati.
Saa tisa nikaamka kwa mazoea,
nikapapasa ubavuni, shuka tupu.
Dirishani: tochi, na Raya, mtandio kichwani,
anatandaza turubali juu ya sanduku kwa ncha ya fimbo,
jiwe huku, jiwe huku.
Akarudi, miguu inachuruzika.
"Hakulowa," akasema, akajifunika.

Ha-. Si haki-.
Mwalimu wa sarufi niliisikia ile silabi,
nikainyamazia.

Asubuhi ndani ya sanduku mlikuwa na kanga,
ile ya zambarau aliyosema imepotea tangu Idi.
Kiberiti kaitafuna, jina limebaki nusu,
KILA MLANGO NA
na mengine yamo tumboni mwake.
"Imechakaa hiyo," Raya akasema kutoka jikoni,
kabla sijauliza.

Yeye akajinyoosha, miguu ya nyuma mmoja mmoja,
akaenda mwenyewe mpaka kwenye mgomba.
Nikafungua kinywa kusema "Hapo."
Keshamaliza. Ananitazama.
Nimechelewa, na sifa ni zake.